Saa Nane ya Bredäng

Mshenga wangu alikuwa na kipaji kimoja tu, cha kuongea, na kipaji hicho ndicho kilichoniponza. Alikuwa Mtanzania wa makamo, dereva wa basi na mwimbaji wa kwaya, na sidhani kama kulikuwa na Mswahili kusini mwa Stockholm ambaye hakumjua. Nilimtuma kwa mzee mmoja Mrundi akaniposee binti yake, muuguzi wa hospitali ya Flemingsberg, ambaye tulikuwa tumeshakubaliana naye wenyewe na kilichobaki kilikuwa ni wazazi. Alikwenda kifua mbele. Aliporudi uso ulikuwa umemsinyaa kidogo.

Mzee hakukataa na hakukubali. Alikuwa amesikia kwamba mimi ni Mkenya niliyekuja kusoma na sasa ninafanya kazi ya kompyuta katika ofisi moja kule Sundbyberg. Basi alisema hivi: kabla hatujazungumza habari ya binti, huyo kijana aje kwanza aniingizie mashine yangu kwenye mtandao mpya wa jengo. Nikimwona akifanya kazi nitamjua ni mtu gani.

"Na wewe ulimjibu nini?" nikamuuliza mshenga.

"Nilimwambia kompyuta zikikuona wewe zinajinyoosha zenyewe."

Nilikasirika, na nilimwambia hivyo. Mimi ni mwepesi wa hasira, hasa ninapotiwa mdomoni maneno ambayo sikuyasema. Alicheka tu akasema mjumbe hauawi, na kwamba mchumba haposwi kwa unyenyekevu. Kumbe hakujua kwamba katika kazi yetu, anayeahidi kabla ya kuiona mashine ndiye anayeumbuka mbele yake.

Mashine yenyewe ilikuwa Bredäng, mtaa wa kusini mwa Stockholm, katika chumba cha ghorofa ya pili cha jengo lililokuwa mali ya shirika moja la elimu ya watu wazima. Vyama vingi vya wageni vilikuwa na vyumba humo. Chama cha mzee kilikuwa cha watu wanaozungumza Kiswahili, wengi wao Warundi na Wanyarwanda, na Wakongo kadhaa, na yeye ndiye aliyekuwa mtunza kumbukumbu. Alikuwa mwalimu Bujumbura kabla ya vita. Hapa Uswidi hakufundisha tena. Lakini kila Jumamosi alikuwa akikaa katika chumba hicho na maikrofoni yake akirekodi: mazoezi ya kwaya, hotuba za misiba, wazee wakisimulia walivyovuka mpaka, mabibi wakitaja majina ya mimea. Zote zilikuwa ndani ya seva moja kubwa nyeusi yenye feni iliyovuma kama mashine ya kusaga, ambayo ofisi fulani iliitupa na yeye akaiokota. Ilikuwa ya mfumo wa zamani ambao kazini kwetu tulikuwa tumeshauzika.

Sasa shirika lilikuwa limeweka mtandao mpya jengo zima, na kila kompyuta ilitakiwa kuingia kwenye domeni. Domeni, kwa asiyeijua kazi hii, ni utaratibu wa kuziweka kompyuta zote chini ya mashine kuu moja. Mashine kuu ndiyo inayojua nani ni nani na nani ana ruhusa ya kufungua nini. Kompyuta isiyoingia haiwezi kuzungumza na nyingine, na shirika lilikuwa limetangaza kwamba zitakazobaki nje mwisho wa mwezi zitachomolewa.

Nilipokutana na mzee mara ya kwanza, kabla hata ya kushika waya, nilimshauri jambo ambalo fundi yeyote angeshauri. Nikasema, "Mzee, tununue mashine mpya, tuhamishie rekodi zote humo, hii tuipumzishe."

Alikuwa mwembamba, amevaa koti na tai siku ya Jumamosi, kalamu mfukoni.

"Miye nimehama nchi," akasema. "Kompyuta sihami."

Mshenga, aliyekuwa amekuja eti kunisindikiza, akacheka hadi akapiga paja. Binti wa mzee naye alikuwepo, amekuja na chupa ya chai na maandazi, na niliona amegeuka dirishani kuficha tabasamu. Nami nikacheka, nikaanza kazi.

Niseme hapa kilichonitatiza tangu mwanzo, maana mtu wa ofisini Sundbyberg hangekielewa. Kwetu, mkwe hakai kwenye kiti cha baba mkwe, na mwenye kuposa ndiyo kabisa. Chumba kile kilikuwa na meza moja na kiti kimoja cha maana mbele ya ile seva, na kiti kile kilikuwa cha mzee. Hakuinuka. Wala sikumwomba ainuke. Kusimama nyuma yake nikichungulia kioo cha kompyuta juu ya bega lake nako hakukuwa adabu. Na nyaya zote zilikuwa chini ya meza. Basi nilipiga magoti, nikaingia chini ya meza ya baba wa mchumba wangu, makalio yangu yamewaelekea yeye na binti yake na mshenga, nikitafuta tundu la waya gizani. Suruali ilinibana. Nilisikia mshenga akikohoa kikohozi cha mtu anayezuia kicheko. Nilipotoka huko masikio yalikuwa yamewaka moto kwa haya, na vumbi limenijaa kifuani.

Mzee akasema, "Pole, kijana," bila kunitazama, na hilo lilikuwa la heshima.

Nikateremka chini ya jengo, kwenye chumba cha mashine kuu. Huko alikuwepo fundi wa shirika, Mswidi mmoja mrefu mpole ambaye alikuwa amejitolea kuja siku ya mapumziko kwa sababu, alivyosema, alimpenda yule mzee. Tulipatana hivi: mimi na yeye tufanye kazi upande wa mashine kuu, na mzee akae juu kwenye seva yake, nimpigie simu nimwelekeze cha kubonyeza. Kwa njia hiyo hakuna aliyehitaji kuinuka kwenye kiti chochote. Nilijiona nimetatua jambo kwa busara.

Jaribio la kwanza mashine kuu ilikataa. Hilo tulilitegemea. Seva ya zamani ilijitambulisha kwa namna za zamani, na domeni mpya ilikuwa imezipiga marufuku namna hizo kwa sababu ni rahisi kughushiwa. Mswidi akafungua ukurasa wa masharti, akasita, akasema kwa Kiswidi kwamba si vizuri lakini kwa mashine moja tu si neno. Akalegeza sharti moja, kisha la pili. Tukajaribu tena, na safari hii zile mashine mbili zikaanza kusikilizana. Nikampigia mzee simu.

"Mzee, andika jina la domeni kama nilivyokuandikia, halafu neno la siri."

"Nimeandika."

"Bonyeza."

Nikasikia kibodi. Nikasikia ile feni. Halafu mzee akanisomea Kiingereza cha mashine herufi kwa herufi kama mwalimu wa imla, na maana yake ilikuwa kwamba imekataliwa.

Mswidi akauliza kama saa ya kule juu iko sawa. Lilikuwa swali zuri, na nilikuwa karibu kuliuliza mwenyewe. Domeni ina sharti ambalo haliwezi kulegezwa kwa huruma: saa ya mashine inayoomba kuingia isipishane na saa ya mashine kuu ila kwa dakika chache. Zikipishana zaidi, mashine kuu humhesabu mgeni kuwa tapeli anayetumia kibali cha zamani, na humfungia mlango bila maelezo ya maana.

"Mzee," nikasema kwenye simu, "hapo pembeni mwa kioo panasema saa ngapi?"

"Saa nane na dakika kumi."

Nikatazama saa ya mkononi. Saa nane na dakika kumi mchana, barabara. Nikamgeukia Mswidi nikamtafsiria kwa Kiswidi chake: kumi na nne na dakika kumi. Akatazama mashine kuu, ikasoma kumi na nne na dakika kumi. Akatikisa kichwa akasema basi si saa, tatizo liko kwingine.

Tulilitafuta hilo tatizo la kwingine mchana kutwa. Tulibadilisha jina la seva. Tulibadilisha waya. Tulilegeza masharti mengine, tukayakaza, tukayalegeza. Kila mara nilimpigia mzee, kila mara aliandika kwa utulivu, kila mara alinisomea kukataliwa kwangu herufi kwa herufi. Sauti yake haikubadilika hata kidogo, na hilo lilinitesa kuliko angenifokea. Nilikuwa ninajua kwamba kila anaponisomea, binti yake amekaa pale anasikia.

Mshenga akateremka na andazi mkononi.

"Bwana fundi, huko juu tumeimba nyimbo zote tumezimaliza. Zinajinyoosha lini?"

Nilimwambia aondoke. Nilimwambia kwa maneno ambayo mtu hamwambii mshenga wake, nikajutia papo hapo, maana Mswidi hakuelewa maneno lakini alielewa sauti na akainamisha macho. Hapo ndipo niliona haya hasa. Mkamia maji hayanywi. Nilikuwa nimeyakamia haya maji wiki ile nzima, nimesoma miongozo ya mifumo ya zamani kazini wakati wa chakula, nimevaa shati jipya, na sasa shati lina vumbi la chini ya meza na mimi ninamfokea mtu mzima mbele ya mgeni.

Mwishowe Mswidi akavua miwani. Akasema ana watoto wa kuchukua. Akasema kwa upole kwamba pengine mashine ni kuukuu mno, na kwamba yeye mwenyewe atamweleza mzee ili nisibebe lawama mimi. Tukapanda juu. Nilikuwa nimekuja kuomba mke na ninarudi kumwambia baba yake kwamba sauti za watu wake zitachomolewa.

Tulipoingia, mzee alikuwa bado kitini, mgongo umenyooka. Mswidi hakuwa mkwe wa mtu. Hakujua kwamba kuna mahali pa kusimama na mahali pasipo pa kusimama. Alikwenda moja kwa moja, akaegemeza mkono mgongoni mwa kiti cha mzee, akainama juu ya bega lake na kutazama kioo.

"Klockan går fel," akasema. Saa haiko sawa.

Nikachungulia kutoka nilipokuwa. Pembeni mwa kioo paliandikwa kumi na dakika arobaini. Nje kulikuwa kunaingia giza la vuli na saa yangu ya mkononi ilisoma kumi na sita na arobaini.

Saa kumi na dakika arobaini. Ndivyo ningeisema mimi mwenyewe kwa mama yangu kwenye simu. Mzee alikuwa ameirudisha seva nyuma saa sita nzima ili kioo kisome kama mdomo unavyosema. Nilipomuuliza saa alinisomea tarakimu alizoziona, nane na kumi, na mimi nikasikia lugha yangu. Laiti angekuwa Mswidi aliyemuuliza, angesikia saa mbili asubuhi na angeshtuka. Sisi wawili tulielewana mno, na kwa kuelewana kwetu tukapoteza mchana mzima. Na aliyetafsiri ni mimi.

Niliona uso wa mzee. Alikuwa amefahamu pale pale, labda hata kabla yangu. Shingo yake ilisimama. Binti yake alikuwa ameshika chupa ya chai na hakuiweka chini. Mshenga alikuwa ameanza kufungua mdomo, na nilijua kabisa kitakachotoka humo: mzaha kuhusu wazee na kompyuta.

Basi nikawahi. Nikasema kwa Kiswidi, haraka, kwamba kosa ni langu, kwamba mimi ndiye niliyeibadilisha saa asubuhi nilipokuwa ninajaribu jambo, nikasahau kuirudisha. Kisha nikarudia kwa Kiswahili ili mshenga asikie. "Ni mimi. Nilisahau saa."

Mswidi alinitazama kwa mshangao. Alijua kwamba sikuigusa seva asubuhi, na alikumbuka saa niliyomtafsiria kule chini. Lakini alikuwa mtu mpole, na alielewa, au alidhani ameelewa, akatabasamu kidogo na kumpigapiga mzee begani, kama kumwambia hakuna neno. Nilipouona mkono ule begani mwa mzee niligeuza macho, sikujua kwa nini.

"Fundi gani anasahau saa," mshenga akasema, akacheka peke yake.

Mswidi akaomba kibodi. Mzee akainuka kwenye kiti, kwa mara ya kwanza siku ile, akasimama ukutani mikono imefumbatana mbele. Saa ikawekwa sawa na ya mashine kuu. Jina, neno la siri, bonyeza. Na papo hapo kikatokea kile kisanduku kidogo ambacho nimekiona mara nyingi maishani bila kukijali: Karibu kwenye domeni.

Mswidi akaeleza kwamba tangu sasa saa ya seva itafuata ya mashine kuu, mwenyewe hawezi tena kuibadilisha, na hivyo kosa kama hili halitatokea tena. Mzee aliitikia kwa kichwa. Akanishukuru kwa kazi, kwa Kiswahili kizuri, akanitakia safari njema. Chai ilikuwa kwenye chupa na sikukaribishwa kunywa.

Kwenye tunnelbana, treni ya chini ya ardhi, niliyapitia yote na bado nilijiona nimefanya uungwana. Mtu mzima akiteleza mbele ya watoto, unamsitiri. Ndivyo nilivyolelewa. Kama mzee hakuniambia ahsante ya maana, basi ni kiburi chake, nikasema moyoni, na hasira ikanisaidia hadi nilipofika nyumbani. Ilipoisha, haya ilibaki pale pale, na sikuweza kusema ni ya nini.

Siku zilipita bila jibu. Binti alinipigia akitoka zamu.

"Pappa hasemi," akaniambia. "Nikikutaja anazungumza habari ya hali ya hewa."

"Amekasirika?"

"Sijui. Anasikiliza rekodi zake. Anakwenda hata siku za kazi."

Nilimwomba msamaha mshenga kwa yale niliyomtamkia chini ya jengo, akanisamehe kwa urahisi wa kuudhi, akaenda tena Bredäng kunisemea. Safari hii alirudi na maneno machache sana kwa mtu kama yeye. Mzee amesema niende na watu wangu. Hakusema ndiyo. Amesema tu niende, tuzungumze mbele ya watu.

Tulikusanyika katika chumba kile kile, viti vya kukodi vimepangwa pande mbili, wa kwao na wa kwetu. Seva ilikuwa kwenye kona yake ikivuma chini ya kitambaa cha mezani. Kwa desturi yao Warundi, upande wa binti huanza kwa kukwepa: hatumjui mnayemtafuta, mmepotea njia, kaeni mle mwende zenu. Ni mchezo, na mshenga wangu alikuwa amejiandaa kwa mafumbo mazito. Alisimama, akarekebisha koti, akaanza kusema habari ya ua zuri lililoonekana bustanini.

Mzee akainua mkono.

"Bon. Ua tutalizungumza," akasema. "Kwanza kuna kitu changu. Huyu kijana wenu aliniibia."

Watu wakacheka, wakidhani ni sehemu ya mchezo. Mshenga naye akacheka, akasema taja kilichoibwa tukilipie. Lakini mimi niliuona uso wa mzee na sikucheka. Shangazi zake binti walikuwa wamekaa mstari wa mbele. Binti mwenyewe alikuwa nyuma ya mlango wa jikoni, anasikia.

"Aliniibia kosa langu," mzee akasema.

Kicheko kikafa taratibu, kutoka mbele kwenda nyuma.

Akaeleza. Hakupaza sauti. Akasema kwamba saa ya mashine aliirudisha yeye kwa akili zake timamu, siku nyingi, ili wimbo ulioimbwa saa tatu uandikwe saa tatu, na mama aliyezikwa saa tisa aandikwe saa tisa, kama waliokuwepo watakavyosema wakikumbuka. Saa ile haikuwa mbovu. Kosa lake lilikuwa moja, kwamba hakuniambia, na nilipomuuliza alinijibu bila kufikiri. "Hilo lilikuwa langu. Nililishika, nilikuwa nafungua mdomo niliseme. Akaniwahi."

Akanitazama.

"Nchi hii ni ya watu wema," akasema. "Nikienda ofisi yoyote nasamehewa kabla sijakosa. Nikisema neno vibaya wanaitika kana kwamba nimelisema vizuri. Miaka hii yote hakuna mtu aliyeniambia, weye umekosea. Nilikuwa mwalimu, najua maana yake. Mtoto usiyemsahihisha ni yule uliyemkatia tamaa. Basi nikasikia kuna kijana wa kwetu, fundi, nikasema huyu ataniambia. Angesema, mzee, saa yako ni ya kwetu, humo ndani hawaipokei, unataka nini? Ningesema weka ya kwao. Ningekubali. Lakini ningekubali miye. Sasa saa yangu imewekwa nimesimama ukutani, kama mgonjwa anayebadilishwa nguo."

Nilitamani ardhi ipasuke. Katika maisha yangu nimekosea mbele ya watu mara nyingi, nimefokewa na wakubwa wa kazi, nimeangusha mtandao wa ofisi nzima siku ya mishahara, lakini sijawahi kuona haya kama ile, maana nilikuwa nimelitenda kosa lile kwa wema na nikajisifia njiani. Mkono wa Mswidi begani mwake nao ulinirudia. Nilielewa sasa kwa nini niligeuza macho. Ule mkono nilikuwa nimeuweka mimi.

"Nakidai kitu changu," mzee akasema. "Hapa hapa. Ndipo tuzungumze habari ya ua."

Mshenga alinigusa kiwiko. Kwa mara ya kwanza hakuwa na neno la kunitilia mdomoni. Nikasimama. Mbele yangu walikuwa shangazi, wajomba, wazee wa chama cha mzee, wote waliokuwa wakimwamkia kwa kuinamisha kichwa, na desturi yote niliyolelewa nayo ilikuwa imenishika ulimi. Kumkosoa mzee mbele ya watu wake, chumbani mwake, siku ya kumposea binti.

"Mzee, ulikosea."

Mzee akageuza sikio lake kama mwalimu ambaye hakulisikia jibu la mwanafunzi wa nyuma.

"Wazee humu ni wengi," akasema. "Unamwambia yupi?"

Nilimtazama. Hakuwa ametabasamu. Nyuma ya mlango wa jikoni kitu kilianguka, kijiko labda, na hakuna aliyekiokota.

"Baba," nikasema, na machozi yalikuwa yameshanitoka mbele ya watu wote wale, "ulikosea."

"Ndiyo," akasema. "Nilikosea. Sasa kaa."